Mama Mjane na Bima ya Afya ya Wazee Marekani

SWALI: Daktari, mama yangu ana umri wa miaka 68, na miaka miwili iliyopita alikuja kuishi nami hapa Minneapolis kwa hati ya ukaazi wa kudumu. Ana maradhi ya sukari na presha, naye hujidunga insulini kila siku. Nasikia serikali ya Marekani ina bima ya wazee waliotimiza miaka 65, lakini jirani yangu asema mama hana haki mpaka atimize miaka 5 nchini, na hata hapo atatozwa fedha nyingi kwa kuwa hakupata kufanya kazi huku. Marehemu baba alifanya kazi jikoni mwa hoteli mjini Houston tangu 1987 hata 1999, kisha akarejea Mombasa, akafariki huko mwaka 2015. Karatasi zake zimo katika kasha kwa shangazi, Mji wa Kale. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, barua yako niliisoma mara mbili, maana mara ya kwanza niliipita upesi habari ya marehemu baba yako, kama wewe ulivyoiandika upesi, na mara ya pili ndipo nilipotambua kwamba ndani ya maneno yale machache, uliyoyaweka mwisho kana kwamba ni kumkumbuka tu mzazi aliyetangulia mbele ya haki, ndimo yumkini lilimo jibu la swali lako.

Bima unayoiulizia huitwa Medicare. Sheria yake ilitiwa sahihi na Rais Lyndon Johnson tarehe 30 Julai 1965 katika mji wa Independence, Missouri, mbele ya Harry Truman, rais wa zamani, ambaye alipewa kadi ya kwanza. Na wazee wakaanza kutibiwa kwayo tarehe 1 Julai mwaka uliofuata. Watu wengi hudhani kuwa ni sadaka ya serikali kwa kila mwenye mvi, ilhali asili yake ni akiba: kila mfanyakazi hukatwa asilimia 1.45 ya ujira wake, na mwajiri naye hutoa mfano wake, ili siku nguvu zitakapopungua yeye na mwenzi wake wapate kutibiwa. Kwa hiyo umri wa miaka 65 humfikisha mtu mlangoni, lakini kinachomwingiza ndani bila ya kulipia Sehemu A, yaani sehemu ya hospitali, ni hesabu ya kazi.

Hesabu hiyo hufanywa kwa robo za mwaka. Mtu hawezi kupata robo zaidi ya 4 katika mwaka mmoja, na zinazotakiwa kwa kawaida ni 40, ambazo ni sawa na miaka 10 ya kazi. Wala mshahara hauhitaji kuwa mkubwa: mwaka 1987, alipoanza marehemu baba yako, ujira wa dola 460 ulitosha kumpatia robo moja, na mwaka 1999, alipoacha, dola 740. Mtu aliyesimama mbele ya majiko ya hoteli kwa miaka 12, maadamu aliandikwa kwa haki na kukatwa michango yake, alizipita robo 40 zamani, hata kama yeye mwenyewe hakujua kuwa anahesabiwa.

Na haki hii haikuzikwa pamoja naye. Sheria ya Marekani humruhusu mjane aliyetimiza umri kudai kwa daftari la kazi la mumewe, ikiwa ndoa yao ilidumu walau miezi 9 kabla ya mauti na ikiwa hakuolewa tena. Mama yako akithibitishiwa haki hiyo, yumkini atapata posho ya mjane, na pamoja nayo Sehemu A bila mchango wa kila mwezi, na ruhusa ya kujiandikisha katika Sehemu B ambayo ni ya matabibu na vipimo. Na kwa kuwa anaishi nchini kihalali, sharti la miaka 5 alilokutajia jirani yako halimzuii. Jirani hakusema uongo. Sharti lile lipo, lakini ni la mkaazi asiyekuwa na daftari lolote la kazi, lake wala la mwenzi: huyo hungoja mpaka akae miaka 5 mfululizo kwa hati ya ukaazi wa kudumu, kisha hununua Sehemu A kwa mchango ambao kwa mwaka 2026 ni dola 565 kwa mwezi, au huiacha akachukua Sehemu B peke yake. Tazama, basi, jinsi karatasi za kasha lile zilivyo na thamani.

Sasa nije kwenye gharama, kwa kuwa haki ya bima haina maana kwamba matibabu ni bure. Sehemu B hulipiwa dola 202.90 kwa mwezi mwaka huu wa 2026, nazo hukatwa katika posho ya mjane ikiwapo. Kila mwaka mgonjwa hujilipia kwanza dola 283, na baada ya hapo bima hutoa asilimia 80 ya malipo ya tabibu, naye hutoa 20 zilizobaki, wala hapana kikomo cha hizo 20 ila kwa mwenye bima ya nyongeza. Akilazwa hospitali, hujilipia dola 1,736 za mwanzo, kisha siku 60 hazina malipo ya kila siku. Dawa zimo katika Sehemu D, inayouzwa na makampuni chini ya usimamizi wa serikali, na humo mna faraja mbili za kumfaa mama: insulini haipiti dola 35 kwa mwezi, na jumla ya fedha anazojitolea mgonjwa kwa dawa zilizomo katika orodha ya mpango wake haipiti dola 2,100 kwa mwaka. Mwenye pato dogo aombe msaada wa serikali katika kulipia michango hii. Asione haya, kwani umewekwa kwa ajili yake.

Yasiyomo katika bima hii nayo yakupasa uyajue mapema. Meno bandia, miwani ya kawaida na vifaa vya kusikilizia havilipiwi, ingawa aliyetolewa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi hupewa miwani moja baada ya upasuaji. Matibabu ya nje ya Marekani, isipokuwa katika hali chache mno, hayalipiwi, hivyo mama akija Mombasa kufunga Ramadhani na ndugu zake, aje na dawa za kumtosha na fedha za tahadhari. Na lililo zito kuliko yote: kumwogesha, kumvisha na kumlisha mzee aliyeishiwa nguvu, mwezi baada ya mwezi, si kazi ya Medicare. Nimeona watoto wema, waliodhani jambo hilo limekwisha kutengenezwa na serikali, wakipatwa na fadhaa kubwa siku walipoambiwa kuwa halikutengenezwa, na kila mmoja wao ana kazi mbili na watoto wadogo.

Nilipokuwa mgeni wa jamaa mmoja wa pwani mjini Columbus, nilimkuta mama mkubwa wa nyumba ile amezihifadhi bahasha zake zote ndani ya kikapu cha ukili, hakufungua hata moja, kwa hofu kwamba zote ni madai. Tuliketi mezani tukazifungua moja moja mpaka chai ikapoa. Nyingi zilikuwa taarifa za Medicare, na juu yake yameandikwa kwa Kiingereza kuwa karatasi hii si ankara. Moja tu, ya dola 41, ndiyo iliyokuwa deni la kweli, nayo ilikuwa imechelewa miezi minne. Mfungulie mama barua zake wewe mwenyewe, umsomee.

Tarehe nazo zichunge. Muda wa kwanza wa kujiandikisha ni miezi 7: mitatu kabla ya mwezi wa kustahiki, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Aliyeupitisha bila udhuru unaokubaliwa hungoja baina ya 1 Januari na 31 Machi, na mchango wake wa Sehemu B huongezwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyochelewa, na nyongeza hiyo aghalabu humfuata maisha yake yote. Ndiyo sababu sikushauri ungoje mwaka wa tano.

Neno moja kwa wasomaji wetu wa Kongo waliopokelewa Marekani kama wakimbizi: sheria iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025 imeiacha Medicare kwa raia, wenye ukaazi wa kudumu na makundi machache mengine tu, na hali ya ukimbizi peke yake haitoshi tena. Mkimbizi aliyekwisha kukaa mwaka mmoja na aombe ukaazi wa kudumu bila kuchelewa.

Nawe, ndugu yangu, panga miadi katika ofisi ya Social Security, yaani Hifadhi ya Jamii, iliyo karibu nawe, uende na mama, pasi yake ya kusafiria, hati yake ya ukaazi, hati ya ndoa iliyotoka kwa Kadhi na hati ya kifo cha marehemu, zote asili na wala si nakala. Shangazi mpigie simu leo. Mwombe alifungue kasha atafute kadi ndogo ya karatasi yenye tarakimu 9, na karatasi za kodi ambazo hoteli ilimpa baba kila mwanzo wa mwaka. Na ikiwa mchwa amezitangulia, asihuzunike, bali akuandikie jina kamili la nduguye kama alivyolitumia Houston, tarehe yake ya kuzaliwa, na majina ya baba yao na mama yao, kwa kuwa kwa hayo ofisi yaweza kulitafuta daftari lake.