Somo la Kumi na Moja: Amri, Ombi na Heshima katika Umbo la Kitenzi

Katika masomo yaliyotangulia tuliona jinsi kitenzi cha Kiswahili kinavyobeba nafsi, wakati na yambwa katika neno moja. Katika somo hili tunachunguza jambo ambalo vitabu vingi vya sarufi hulipitia haraka, nalo ni namna umbo la kitenzi linavyompandisha au kumshusha yule anayeambiwa. Mifano yetu tutaichukua Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, kwa kuwa huko Kiswahili hakiishii darasani. Mama anayepeleka nyanya, vitunguu au maziwa Goma kupitia mpaka wa Petite Barrière hukihitaji tangu alfajiri: kwa mchukuzi, kwa mnunuzi, kwa afisa anayekagua karatasi yake. Akikosea ngeli, ataeleweka. Akikosea umbo la ombi, huenda akaeleweka vizuri mno.

Tuanze na sentensi tano:

(1) Lete nyanya.
(2) Niletee nyanya.
(3) Uniletee nyanya.
(4) Mama, naomba uniletee nyanya.
(5) Nyanya ziletwe.

Kisarufi zote ni sahihi, na mwanafunzi atakayeandika yoyote kati yake hastahili alama ya kosa. Hata hivyo hakuna mzungumzaji wa Kiswahili atakayesema kwamba zina maana moja. Tofauti yake haimo katika nyanya wala katika tendo la kuleta. Imo katika uhusiano wa watu wawili, na uhusiano huo umeandikwa ndani ya kitenzi.

Nafsi inayoonekana na isiyoonekana

Katika sentensi (1) kitenzi kimo katika hali ya kuamrisha. Tunakumbuka kwamba vitenzi vitatu, kuleta, kuja na kwenda, vina maumbo ya pekee katika hali hii: lete, njoo, nenda. Vingine hubaki na shina lake tu: soma, funga, andika. Tutazame shina hilo kwa makini. Anayeambiwa asome hana hata herufi moja ndani ya neno soma. Hakuna kiambishi cha nafsi. Panapokuwa na wengi huongezwa -ni, someni, lakini mmoja peke yake huachwa nje ya kitenzi kabisa. Linalotajwa ni tendo, naye hutakiwa kulifuata.

Katika sentensi (2) ameingia yambwa ni-, na kwa sababu yake irabu ya mwisho imekuwa -e: niletee, kama ilivyo nisaidie, kisome, mwite. Wanafunzi wengi hudhani kwamba -e hii tayari ni hali tegemezi. Sivyo. Kitenzi bado ni cha kuamrisha, maana anayeambiwa bado hajatajwa. Aliyetajwa ni msemaji mwenyewe na haja yake.

Sentensi (3) ndiyo inayobadilisha mizani. Kiambishi u- kimemrudisha anayeambiwa mahali pake, mwanzoni mwa kitenzi, kama mtendaji mwenye hiari. Hii ndiyo hali tegemezi, na tukitaka kuelewa tabia yake tuangalie mahali pengine inapotumika: baada ya ili, afadhali, heri na lazima, katika maombi na dua, kama Mungu akubariki, katika kuomba ruhusa, kama niingie? Ni hali ya jambo ambalo halijatendeka na ambalo huenda lisitendeke. Anayesema uniletee anakiri, kwa umbo la neno lake, kwamba tendo liko mikononi mwa mwenziwe. Ndiyo maana umbo hilohilo humfaa mtu anayesema na Mungu na mtu anayesema na muuza nyanya.

Tusiligeuze hili kuwa kanuni isiyo na mipaka. Utoke hapa! ni hali tegemezi, wala hakuna atakayeiita ombi. Sauti, uso na cheo cha msemaji huweza kuliongezea umbo ukali lisilokuwa nao. Vilevile wakati ujao, ambao kwa sura ni taarifa tu, huweza kuwa amri nzito kuliko zote: kesho utakuja na mzazi wako. Hapo msemaji haombi wala haamuru. Anatabiri, na utabiri wake haukatailiki kirahisi.

Jambo moja zaidi la umbo lastahili kusemwa hapa. Kiswahili hakina hali ya kuamrisha iliyo kanushi. Anayekataza hulazimika kutumia hali tegemezi, akitaka asitake: usipige kelele, msivuke hapa. Kwa hiyo katika makatazo msemaji hawezi kuonyesha adabu kwa kuchagua kati ya hali mbili, naye hutafuta njia nyingine, kama vile naomba usipige kelele, au tusipige kelele, ambamo msemaji hujihesabu miongoni mwa wenye kelele.

Amri iliyotangulia ombi

Kwa nini wanafunzi wengi wa Rwanda hufika chuoni wakilijua umbo la kwanza kuliko la tatu? Sehemu ya jibu imo katika historia. Rwanda ilikuwa sehemu ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani hadi mwaka 1916, na utawala huo ulikitumia Kiswahili kuwa lugha ya kazi. Gisenyi yenyewe ilikuwa kituo cha jeshi la Wajerumani. Kiswahili hakikuja peke yake na askari, maana wafanyabiashara na Waislamu walikuwa nacho pia, lakini mwanakijiji aliyekisikia kwa mara ya kwanza aghalabu alikisikia kikimtaka afanye jambo: beba, simama, lipa. Miongo mingi baadaye, wapiganaji waliotoka Uganda, ambako Kiswahili ni lugha ya jeshi, walirudi nacho nchini. Neno afande, lenye asili ya Kituruki, ni heshima kamili, ila ni heshima iliyozaliwa kambini.

Hali hii haikuwa ya Rwanda pekee. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara, akakielekeza kwa askari, masetla, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Orodha hiyo ni ya watu waliojifunza lugha ili waagize. Kwa upande wa Kongo, Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alionyesha jinsi Kiswahili kilivyofungamana na mamlaka ya Wabelgiji. Mtu akijifunza lugha kwa ajili ya kuagiza tu, hali tegemezi humwonekea kama pambo lisilo na kazi. Na wale waliojifunza kwa kumsikiliza yeye huirithi lugha hiyo ikiwa imepunguzwa.

Mwaka 2017 sheria iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Lugha iliyotumika kuwaamuru watu sasa ni yao kuombea huduma ofisini, na mwalimu ndiye atakayewapa maumbo ya kuombea.

Wingi wa heshima

Sasa tunafika mahali ambapo mwalimu wa Gisenyi hukutana na tatizo ambalo mwalimu wa Tanga au Unguja halijui. Katika Kinyarwanda, mtu mmoja anayeheshimiwa huambiwa kwa wingi. Rafiki huamkiwa waramutse. Mkubwa, ingawa yuko peke yake, huamkiwa mwaramutse. Kadhalika mpa humwelekea mwenzio, na mumpe humfaa mkubwa. Ng'ambo ya mpaka, katika Kiswahili cha Goma, husikika jambo lilelile: munipatie, anaambiwa mama mmoja aliyeketi nyuma ya kapu lake. Wafaransa nao wana tu na vous. Roger Brown na Albert Gilman, katika makala yao mashuhuri ya mwaka 1960, walieleza kwamba uchaguzi wa viwakilishi vya namna hii hupima mambo mawili, mamlaka na ukaribu. Mwenye mamlaka huambiwa kwa wingi naye hujibu kwa umoja. Walio sawa huambiana namna moja.

Kiswahili sanifu hakikuufanya wingi huo kuwa kanuni. Kwa hiyo mwanafunzi anapoandika Mwalimu, mnaitwa ofisini, huku mwalimu akiwa mmoja, mwalimu huweka alama nyekundu na kuandika unaitwa. Sahihisho hilo ni halali. Lakini tuangalie lililotokea: mwanafunzi ameonyesha heshima kwa chombo pekee alichokijua, nacho amenyang'anywa. Asipopewa kingine badala yake, hitimisho lake litakuwa kwamba Kiswahili hakijui heshima, na siku inayofuata atasema Mwalimu, nipe kitabu bila kuona kasoro. Tumekwisha kuwasikia watu wazima wakidai jambo hilohilo, kwamba Kiswahili ni lugha kavu. Ukavu huo haumo katika lugha. Umo katika mafunzo yaliyoishia nusu ya njia.

Basi anayeondoa wingi wa heshima na aweke mahali pake mambo matatu kwa pamoja: jina la heshima mwanzoni, kitenzi naomba, na hali tegemezi. Mwalimu, naomba unipe kitabu. Ndiyo sentensi yetu ya (4). Tafadhali peke yake haitoshi. Tafadhali nipe ni amri iliyovishwa kanzu. Tanzania, mteja dukani husema naomba soda, ingawa analipa fedha yake na hana deni la shukrani kwa mtu. Wengine, hasa waliozoea nipe soda ya Nairobi, huona kwamba huko ni kujinyenyekeza bure. Sisi tunaona kwamba naomba ya dukani haimdhalilishi mteja; humpa muuzaji nafasi ya kutoa badala ya kuchukuliwa.

Kuhusu majina ya heshima tuseme machache. Hayo hubadilika upesi kuliko vitenzi, maana siasa huyafikia. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ndugu lilienea kuwa jina la kumwitia kila mtu, kiongozi na mkulima. Miaka ya vyama vingi ilipofika, mheshimiwa likarudi kwa viongozi. Sarufi ya sentensi haikuguswa, lakini umbali kati ya watu ulipimwa upya.

Ombi lisiloweza kukataliwa

Hadi hapa msomaji angeweza kudhani kwamba umbo la upole daima humfaidi mnyonge. Tuirudie sentensi ya (5), nyanya ziletwe. Kauli ya kutendwa imemwondoa mleta, na imemwondoa pia anayetaka ziletwe. Ndiyo lugha ya matangazo: wasafiri wanaombwa kupanga foleni, wafanyabiashara wanatakiwa kuonyesha vibali, imeamriwa kwamba lango lifungwe. Linganisha kitenzi cha kwanza na cha tatu. Wanaombwa kinasikika laini, imeamriwa kikali; hata hivyo asiyepanga foleni na asiyeondoka langoni watakutana na afisa yuleyule. Tofauti ni kwamba amri ya wazi yaweza kuulizwa swali, imeamriwa na nani? Ombi lisilo na mwombaji halina wa kuulizwa. Hatusemi kwamba matangazo yaandikwe kwa ukali. Tunasema kwamba mwalimu awazoeze wanafunzi kuuliza, kila wanapokutana na kauli ya kutendwa, ni nani aliyeachwa nje, na kwa faida ya nani.

Mwalimu mwenyewe asijitoe katika uchunguzi huo. Anaposema tunyamaze, yeye hajanuia kunyamaza. Nafsi tu- ni njia nzuri ya kupunguza makali, lakini watoto wa darasa la nne huitambua mara moja, nao hujifunza kutoka kwake zaidi ya wanavyojifunza kutoka ubaoni.

Ngeli nazo zina sehemu yake katika jambo hili, nasi tutaigusa tu kwa kuwa imetengewa somo la mbele. Kipofu amefika na kipofu kimefika ni sentensi mbili zenye nomino moja. Upatanisho wa kwanza humweka mtu katika ngeli ya watu. Wa pili humtoa. Mnyarwanda anayesema akana kwa mapenzi, au akagabo kwa dharau, ana ujuzi wa kutosha wa jambo hili katika lugha yake. Asaidiwe tu kuona kwamba kitoto kinalia huweza kuwa bembelezo au tusi kutegemea midomo inayolitamka.

Kazi ya mwanachuo

Nenda sokoni au kituo cha basi, usikilize maombi ishirini yanayosemwa kwa Kiswahili, uyaandike kama yalivyosemwa, bila kuyasahihisha na bila kuandika jina la mtu. Kwa kila moja onyesha hali ya kitenzi, kiambishi cha nafsi kama kipo, na nani alikuwa na cha kupoteza kati ya wale wawili. Utakapokuta wingi aliosemeshwa mtu mmoja, usiuhesabu kuwa kosa. Eleza kazi uliyofanya.

Kisha chukua mazungumzo haya. Afisa: Karatasi. Mama: Hii hapa, afande. Afisa: Fungua mfuko. Mama: Naomba nifungue hapa pembeni, maziwa yasimwagike. Afisa: Haya, ufungue huko. Eleza kilichobadilika katika kitenzi cha afisa kati ya kauli yake ya pili na ya mwisho, na kilichosababisha badiliko hilo. Je, mama alitii, aliomba, au alishauri? Andika ukurasa mmoja, na utoe ushahidi wa kiambishi kwa kila unalolidai.