Missa Luba: nani aliitunga?

Mwaka 1958 kwaya ya wavulana na walimu wao kutoka Kamina, Kongo, ilirekodi Missa Luba. Padre Guido Haazen, Mfransisko Mbelgiji, aliwapa maneno ya Misa kwa Kilatini, maana ndiyo iliyokuwa lugha ya ibada. Muziki ulitoka kwao: ngoma, mwanzishaji na waitikiaji, sauti zikibuniwa papo hapo. Kyrie inafuata kasala, uimbaji wa Waluba wa sifa na maombolezo. (Isikilizeni kwanza, ndipo mwendelee kusoma.)

Miaka 5 baadaye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Sacrosanctum Concilium namba 119, uliagiza muziki wa asili wa watu upewe heshima yake.

Lakini jina lililochapishwa kwenye nota ni la Padre Haazen, na kwaya iliitwa kwa jina la Mfalme Baudouin wa Ubelgiji. Wale wavulana je?

Leo kwaya ya hapa Madaba inaweza kurekodi kwa simu na kuwatumia marafiki wa Ulaya waongeze kinanda. Kabla ya kutuma, andikeni: nani kabuni sauti, nani kapiga ngoma, mapato yatagawanywaje.