Jiko dogo, mboga uani

SWALI: Nimepanga Mbagala, Dar es Salaam. Jikoni vyakula vinachanganyikana, maharage yanatobolewa na wadudu, na uani nina hatua chache tu. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na maharage. Yachambue, yaanike juani hadi yakauke vizuri, yaache yapoe, kisha yatie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Andika tarehe kwenye ndoo. Ukinunua mapya, usiyamwagie juu ya ya zamani. Maliza kwanza yaliyopo. Viazi mviringo vikae mbali na vitunguu, tena gizani, kwa sababu viazi vikipigwa na mwanga hugeuka kijani na kutengeneza sumu.

Uani, tumia gunia. Simamisha kopo lililotolewa kitako katikati ya gunia, lijaze kokoto, na pembeni jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Vuta kopo juu, ujaze tena, mpaka gunia lifike juu. Kokoto hizo ndizo zitakazopeleka maji hadi chini. Toboa matundu ubavuni, upandikize sukuma wiki.

Mchicha usie kwenye beseni kuukuu lililotobolewa chini. Baada ya wiki 2, sia beseni la pili. Mchicha huanza kuchumwa ukiwa na wiki 3 hadi 4, hivyo hutakosa mboga.

Panga vyote karibu na mlango wa jikoni ili maji ya kuoshea mchele yaishie hapo. Yenye sabuni mwaga kwingine. Sukuma wiki chuma majani ya chini tu. Kilele kikibaki, mche utaendelea kukulisha kwa miezi.