Nyonga Bandia: Uliza Imekaa Miaka Mingapi

Mgonjwa aliyeambiwa kwamba nyonga yake imechakaa na inapaswa kubadilishwa aghalabu huuliza bei, kisha huuliza iwapo kiungo atakachowekewa ni cha kisasa. Swali hilo la pili tungependa alibadilishe: kiungo cha aina hii kimekwisha kukaa miaka mingapi katika miili ya watu, na ni wangapi waliolazimika kupasuliwa tena?

Nyonga bandia ni kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe. Tangu John Charnley alipofanikisha upasuaji huu nchini Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960, kichwa cha chuma kimewekwa ndani ya kikombe cha plastiki iitwayo polithini. Plastiki ya zamani ilisagika polepole, na chembe zake zilisababisha mfupa ulioizunguka kuliwa hadi kiungo kikalegea. Ile iliyoimarishwa kwa mionzi, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990, husagika kidogo sana. Kauri nayo ni ngumu na haichakai upesi, ijapokuwa mara chache huvunjika, na wapo wagonjwa ambao nyonga zao hutoa mlio wanapotembea.

Chuma juu ya chuma ndicho kilichotufunza zaidi. Kilisifiwa kuwa kinawafaa vijana na wachapakazi, kwani hakina plastiki ya kusagika. Ndani ya wagonjwa mambo yakawa mengine: chembe za kobalti na kromiamu ziliingia katika damu na kuharibu misuli iliyo karibu. Mwezi Agosti 2010 kampuni ya DePuy iliondoa sokoni nyonga yake iitwayo ASR, baada ya takwimu za daftari la taifa la Uingereza kuonyesha kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya 8 alipasuliwa upya ndani ya miaka 5. Wakati huo watu wapatao 93,000 duniani walikwisha kuwekewa. Kiungo kilikuwa cha kisasa kweli.

Kila kiungo huja na lebo yenye jina la mtengenezaji, aina na namba ya toleo. Kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitali, omba nakala yake uitunze pamoja na vyeti vyako. Bila hiyo, taarifa ya kuondolewa kwa bidhaa sokoni huenda isikufikie. Ukipata maumivu ya kinena, uvimbe au ukianza kuchechemea, hata baada ya miaka kadhaa, mrudie daktari ukiwa na lebo hiyo.