Kisanduku Kilichofichwa: Je, Unaweza Kuandika "Sikukiona"?

Hebu tuanze na jambo hili.

Tuseme ninyi ni wanafunzi wanne wa kidato cha tatu. Ni Jumamosi, saa nane mchana. Mko mteremkoni, juu ya mji wa Moshi, katikati ya migomba na kahawa. Mnatafuta kopo lililofichwa na wenzenu wa darasa jingine. Mmeshahesabu hatua, mmelizunguka jiwe kubwa mara tatu. Hakuna kitu! Ng'ambo ya mto kuna jiwe jingine linalofanana na hilo. Huko juu mlimani mvua imeanza, na maji ya mto yanazidi kuongezeka na kuwa ya udongo.

Mmoja wenu anasema, "Jamani, turudi."

Mwingine anacheka, "Acha woga wewe! Tumefika mpaka hapa turudi mikono mitupu? Jumatatu tutachekwa shule nzima."

Wewe ungesema nini? Shikilia jibu lako. Tutarudi mtoni baadaye.

Mchezo wenyewe ni upi?

Mchezo huu unaitwa jiokashi. "Jio" ni dunia kwa Kigiriki, na "kashi" limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kuficha. Mtu anaficha kisanduku chenye daftari dogo, kisha anatangaza namba za mahali kilipo. Wengine wanakitafuta. Ukikipata unaandika jina na tarehe, halafu unakirudisha palepale. Ukichukua kitu kidogo kilichomo, unaacha kingine chenye thamani ileile au zaidi.

Ulianzia Marekani. Mpaka mwanzoni mwa Mei 2000, serikali ya nchi hiyo ilikuwa inapunguza kwa makusudi usahihi wa GPS, yaani ishara za setilaiti zinazoonyesha mahali ulipo. Raia mwenye kifaa aliweza kukosea hata kwa mita 100. Rais Bill Clinton alipoagiza jambo hilo likome, kosa likashuka hadi mita 10 au 20 hivi. Tarehe 3 Mei 2000, Dave Ulmer akaficha ndoo porini katika jimbo la Oregon na kutangaza namba zake kwenye intaneti. Ilipatikana ndani ya siku chache. Leo visanduku ni zaidi ya milioni 3, katika nchi zaidi ya 190.

Jambo lenyewe si geni Kilimanjaro. Kwa miaka mingi, waliofika kilele cha Uhuru, mita 5,895, walikuta huko sanduku lenye daftari la kuandika majina. Jina katika daftari ni ushahidi kwamba umefika. Ukiandika bila kufika, umedanganya.

Namba zinasemaje?

Moshi mjini ni kama nyuzi 3 na dakika 21 kusini ya Ikweta. Kilele cha Uhuru ni kama nyuzi 3 na dakika 4 na nusu, pia kusini. Toa: tofauti ni dakika 16 na nusu. Dakika moja ya latitudo ni kama kilometa 1.85. Zidisha, utapata karibu kilometa 30 kwa mstari ulionyooka kuelekea kaskazini. Kumbe jiografia ina raha yake!

Sasa, shule nyingi haziruhusu simu. Usijali. Mnaweza kucheza kwa dira na miguu. Pimeni mita 100 uwanjani. Tembea kawaida, ukihesabu kila mara mguu wako wa kulia unapogusa chini. Tuseme umepata 65. Basi ukiambiwa "kutoka mlingoti wa bendera nenda mita 200 kaskazini," kwako ni hesabu 130. Kama dira hamna, ukiwa Moshi mjini mlima wenyewe uko kaskazini. Tatizo ni kwamba mara nyingi unajifunika mawingu, kwa hiyo utazameni mapema!

Na mwili nao unafaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 za mazoezi kila siku. Kutafuta kopo mteremkoni kunazimaliza bila wewe kujua.

Ruhusa kwanza

Kihamba si pori. Ni nyumbani kwa mtu, na mara nyingi wazee wake wamezikwa humo. Ukiona masale yamepandwa kwa mstari, ujue huo ni mpaka. Wachagga hutumia jani la mmea huohuo kuombea msamaha. Ni bora kuomba ruhusa leo kuliko kutafuta jani la sale kesho!

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mnatafuta nini?"

"Tunaomba kuficha kopo dogo chini ya ule mti. Ndani ni daftari tu. Watakuja wanafunzi wawili watatu kwa wiki."

"Hapana. Hapo ndipo ninapofunga mbuzi wangu, sitaki watu wawashtue."

"Haya, bibi. Ahsante, tutatafuta pengine."

Umeona? Hakuna kubembeleza, wala kurudi jioni kuficha kwa siri. Hapana ni hapana. Anayeheshimu hapana ya bibi kuhusu mti wake anajizoeza kuheshimu hapana ya mwenzake kuhusu mwili wake.

Anzeni katika eneo la shule, kwa idhini ya mwalimu. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro msiache kitu chochote. Hifadhi ina taratibu zake, na hata kupanda mlima ni lazima uwe na mwongozaji aliyesajiliwa.

Kabla hamjatoka

- Nendeni angalau wanne. Mmoja akiumia, mmoja anabaki naye na wawili wanafuata msaada.
- Mwambieni mtu mzima mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi.
- Bebeni maji ya kunywa, na vaeni viatu vilivyofunika mguu.
- Usiingize mkono kwenye shimo usiloliona ndani. Tumia kijiti. Mtu akiumwa na nyoka, msikate wala kunyonya jeraha. Atulie, sehemu iliyoumwa isitikisike, apelekwe hospitali haraka.
- Mtu msiyemjua akisema, "Njoo peke yako nikuonyeshe kilipo," usiende, hata kama ana zawadi au simu nzuri. Mwambie mzazi au mwalimu unayemwamini.
- Ndani ya kopo msiweke chakula, dawa wala kitu chenye ncha kali.

Haya, turudi mtoni

Ulijibu nini? Kama ulisema turudi, safi sana. Kama ulisema tuvuke, usione haya, wengi wangesema hivyo. Lakini fikiri: nani hasa aliyekuwa akiwasukuma mvuke? Si kopo. Ni kuogopa kuchekwa Jumatatu.

Wachezaji wa jiokashi wana desturi nzuri. Asiyekipata kisanduku naye anatoa taarifa: nilikuja tarehe fulani, nilitafuta, sikukiona. Taarifa hiyo ina faida. Aliyekificha anajua aende kuangalia, pengine kimesombwa na maji. Kwa hiyo "sikukiona" ni sehemu ya mchezo, sawa na "nimekipata".

Hata mlimani ni hivyo. Mtu akiumwa sana kichwa, akatapika, akaanza kupepesuka kwa sababu ya urefu, dawa kubwa ni kushuka, hata kama kilele anakiona kwa macho. Kilele hakiendi popote. Anayeng'ang'ania anaweza kupoteza maisha.

Basi mteremkoni pale, aliyesema "turudi" ndiye aliyekuwa kiongozi wa siku hiyo. Alihitaji mmoja tu wa kumuunga mkono: "Na mimi narudi. Tutaandika hatukukiona, tutakuja maji yakipungua." Watatu wakirudi, wa nne hatavuka peke yake.

Leo ni mto. Kesho inaweza kuwa chupa ya pombe, au mwaliko wa kwenda gheto la mtu usiyemjua vizuri. Kicheko ni kilekile: "Acha woga wewe!" Aliyejizoeza kusema "narudi" kwenye mchezo hatababaika siku hiyo.

Jadilini katika klabu yenu

1. Kwa nini ni vigumu kuwa wa kwanza kusema "turudi"? Je, kwa wavulana na wasichana ugumu ni uleule?
2. Igizeni kisa cha mtoni mara mbili: mara ya kwanza hakuna anayemuunga mkono aliyesema turudi, mara ya pili yupo mmoja. Nini kimebadilika?
3. Fungueni daftari la kikundi lenye safu mbili, "Nimekipata" na "Sikukiona". Baada ya mwezi, hesabuni. Kama safu ya pili ni tupu kabisa, ulizaneni kwa upole: je, wote tumeandika ukweli?