Spika za nyuma ziwe kubwa kiasi gani?

*Nina amplifaya ya 5.1, sabufa na spika tatu za mbele. Sebule ni ndogo, kochi limegusa ukuta. Muuzaji anasisitiza spika kubwa za nyuma. Ninunue?*
*Msomaji, Tanga*

Hapana, okoa pesa yako. Spika hizo hutoa mvua, upepo na kelele za umati. Besi ya chini ya hezi 80 amplifaya ikipangwa vizuri huipeleka kwenye sabufa. Kwa kuwa kochi limebana ukuta, usizitundike kisogoni. Zifunge kwenye kuta za pembeni, nyuma kidogo ya masikio, juu ya kichwa cha aliyekaa.

Kabla ya kulipa, soma omu zilizoandikwa nyuma ya amplifaya. Za spika zisipungue hapo. Amplifaya ikijizima ukipandisha sauti, chomoa umeme, angalia kama nyaya zimegusana. Zikiwa salama, mwite fundi.