Mhusika Mpinzani katika Chozi la Heri: Kuwasoma Kedi na Sauna

Mtahiniwa akiulizwa swali kuhusu Mzee Kedi, mara nyingi huandika hivi: Kedi ni katili, ni mnafiki, ni msaliti, ni mkabila. Chini ya kila sifa huweka mfano, na mfano wenyewe huwa uleule, kwamba aila ya Ridhaa iliteketezwa. Jibu kama hilo si la uongo, ila huishiwa na pumzi kabla ya kufika nusu ya ukurasa, na swali la karatasi ya tatu lina alama 20. Somo hili linakupa njia nyingine ya kumshika mhusika wa aina hii: badala ya kuuliza tu yeye ni mbaya kiasi gani, uliza anafanya kazi gani katika riwaya.

Anza kwa kutenganisha maneno mawili ambayo wanafunzi huyachanganya. Mhusika mpinzani ni yule anayesimama kati ya mhusika mkuu na kile anachokitaka. Mwovu ni hukumu tunayompa mtu kwa sababu ya matendo yake. Mara nyingi mtu mmoja huwa yote mawili, lakini si lazima. Chukua masimulizi ya Nayeche, ambayo wengi wenu mmeyasikia nyumbani. Mama mzee kutoka upande wa Karamoja anafuata bonde la mto Tarach akiokota matunda ya mwituni. Vijana wanaomtafuta fahali aliyepotea wanafuata nyayo, wanamkuta mama huyo akiwa na chakula, na baadaye watu wao wanahamia huko. Katika kisa hicho kuna shida, kuna safari, kuna hatari, lakini huwezi kumnyoshea mtu kidole. Kinachowapinga watu ni njaa na ukame. Ukiulizwa kuhusu mgogoro katika masimulizi ya namna hii, usilazimishe kumtafuta mwovu. Taja kizuizi chenyewe.

Jambo la pili ni msimulizi. Mpinzani huonekana jinsi anayesimulia anavyotaka aonekane. Mjini Lodwar mnao mfano wa kihistoria. Jomo Kenyatta alihamishwa kutoka Lokitaung hadi Lodwar mwaka 1959, akazuiliwa humo hadi 1961. Mwaka 1960 Gavana Patrick Renison alimtangaza kuwa kiongozi anayewapeleka watu kwenye giza na mauti. Katika simulizi ya serikali ya kikoloni, mtu huyo wa Lodwar ndiye aliyekuwa jitu la kuogopwa. Mwaka 1963 akawa Waziri Mkuu, na katika vitabu vya shule vilivyofuata majukumu yakageuka: wakoloni ndio waliokuwa wapinzani. Mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni mdomo unaosimulia.

Sasa rudi kwa Kedi ukiwa na swali hilo mkononi. Tunamfahamu zaidi kupitia Ridhaa, katika fikira na mbinu rejeshi za mtu aliyesimama juu ya majivu ya nyumba yake. Hatupewi nafasi ya kuingia katika kichwa cha Kedi. Kwa sababu hiyo anakaribia kuwa mhusika bapa, na nadhani mwandishi, Assumpta Matei, amefanya hivyo kwa makusudi. Kinachomuumiza Ridhaa ni kwamba moto umetoka kwa jirani wa miaka mingi, mtu ambaye angeweza kumwomba chumvi. Laiti muuaji angekuwa mtu asiyejulikana, riwaya ingekuwa na msiba. Kwa kuwa ni jirani, ina msiba na swali lisiloisha.

Tena chuki hiyo haikuanza na Kedi. Ridhaa alipokuwa mtoto shuleni, wenzake walimwita mfuata mvua, mgeni aliyekuja kwenye ardhi ya wengine. Watoto hao hawakuvumbua neno hilo. Walilisikia kwa wazazi wao. Uchaguzi unapochafuka katika nchi ya Wahafidhina, neno lililotupwa kwenye uwanja wa shule linarudi likiwa na kiberiti. Hapa ndipo penye alama. Mtahiniwa anayeonyesha uzi kutoka kwa mfuata mvua hadi kwa moto ameeleza maudhui ya ardhi, ukabila na uongozi kupitia mhusika mmoja, tena bila kurudia mfano.

Wanaozungumza Kiturkana watauelewa uzi huo upesi. Neno emoit, wingi wake ngimoe, hutumiwa kwa mgeni na pia kwa adui. Mtu anaweza kuvuka kutoka maana ya kwanza hadi ya pili bila neno kubadilika. Na ng'ambo ya Kainuk kuna watu wanaosimulia uvamizi uleule wa mifugo, ila kwao shujaa ni mwingine. Linganisha na Ridhaa: miaka yote aliyotibu watu haikutosha kumwondolea jina la mgeni.

Kwa wanafunzi wa Kakuma na Kalobeyei nina neno la pembeni. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na katika darasa moja huko mnaweza kuketi pamoja mkiwa mmetoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na Ethiopia. Sura zinazomhusu Kedi, na zile za kambi anamojikuta Kaizari na jamaa yake, hazisomwi hapo kama zinavyosomwa kwingine. Huenda anayeketi karibu nawe alichomewa nyumba. Huenda pia anatoka katika jamii iliyolaumiwa kwa kuchoma. Mnapojadili, semeni "Kedi alifanya", msiseme "watu kama wale hufanya". Mwandishi mwenyewe ameepuka kuyataja makabila halisi, na hata mtihanini jibu linalomhukumu Kedi kwa tendo lake ni sahihi kuliko linalohukumu kundi zima. Ukiona mwenzako amenyamaza wakati wa kusoma kwa sauti, mwache asome kimyakimya.

Sauna ni tofauti, na kwa maoni yangu ndiye mpinzani aliyechorwa kwa undani zaidi katika riwaya hii. Anafanya kazi katika nyumba ambayo mama ameondoka na baba amekufa, kisha anawaiba Dick na Mwaliko wakati dada yao Umulkheri yuko shuleni. Nyuma yake yuko Bi. Kangara, mwenye biashara ya watoto. Hadi hapo tungemfunga kwa sifa moja tu. Lakini tunaambiwa kwamba Sauna alinajisiwa na baba wa kambo, Bwana Maya, na mama yake akaifanya siri aibu hiyo. Nyumba yake ilimfundisha kwamba mtoto anaweza kutumiwa na mkubwa akanyamaza. Huyo ni mhusika duara: ana jana yake.

Wanafunzi hufika hapa wakagawanyika. Wengine husema Sauna hana hatia, wengine husema historia yake haihusu. Jibu lenye nguvu halichagui upande kwa haraka. Kueleza chanzo cha uovu si kuusamehe, na riwaya inakupa ushahidi wa jambo hilo katika Dick. Yeye pia aliporwa utoto wake, akalazimishwa kusafirisha dawa za kulevya kwa miaka. Alipopata nafasi aliiacha kazi hiyo akaanza biashara yake halali. Waweke Dick na Sauna bega kwa bega katika aya moja. Wote wamejeruhiwa na watu wazima. Mmoja anageuka kuwa mkono wa waliomjeruhi, mwingine anakataa. Ulinganishi huo una thamani kuliko sifa kumi zilizoorodheshwa.

Kuna jambo jingine ambalo watahiniwa wachache huliona. Wizi wa Sauna ndio unaowatawanya ndugu hawa watatu, na kutawanyika kwao ndiko kunakowaleta katika familia mpya. Umulkheri anapokelewa na Mwangeka na Apondi, Mwaliko analelewa na Mwangemi na Neema. Wanapokutana tena hotelini, machozi yanayowatoka ni ya heri. Kwa hivyo mtu mwovu kuliko wengi riwayani amechangia tukio linaloipa anwani yake uzito. Hicho ni kinaya, na ukikitaja, fafanua kwamba heri hiyo haikukusudiwa na Sauna. Imetokana na wale waliofungua milango yao.

Zoezi: "Mpinzani ndiye humfanya mhusika mkuu ajulikane." Thibitisha kauli hii ukirejelea Ridhaa na Kedi, kisha Umulkheri na Sauna. (alama 20)

Kabla ya kuandika, chora mistari miwili kwenye karatasi. Katika wa kwanza andika Ridhaa alivyokuwa kabla ya moto na alivyo baada yake. Katika wa pili fanya vivyo hivyo kwa Umulkheri, kuanzia siku anayorudi nyumbani asiwakute wadogo wake.